Utambi Sikioni mwa Shemeji Sylvanus

Aliyemfahamu Sylvanus alijua kwamba ukitaka kuongea naye unakaa kuliani kwake. Sikio la kushoto liliondoka na surua akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, likabaki pale kichwani kama dirisha lililopigiliwa mbao. Hata kanisani alikaa mwisho kabisa wa benchi, ukutani upande wa kushoto, ili padri na kwaya na waumini wote wawe kuliani kwake.

Alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu, Josephat. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, na alikuwa akiishi peke yake Misunkumilo, kwenye shamba la mahindi na karanga. Lakini ukimwuliza kazi yake hataji mahindi. Alikuwa mrina asali, kama baba yake na babu yake. Mizinga yake ilikuwa juu ya miti huko porini, njia ya kwenda Mwese, na mingi aliichonga mwenyewe. Anachukua gogo la mninga, analikomba ndani kwa tezo pole pole mpaka atokee upande wa pili, halafu analisugua lisibaki na kibanzi, maana alisema nyuki hawapendi nyumba yenye miiba.

Hafungui mzinga bila kuusikiliza. Anapanda, anaugonga ubavuni kwa kidole, kisha analaza sikio lake la kulia kwenye gogo. Wakivuma kwa uzito, wamejaa na asali ipo. Wakivuma kwa sauti nyembamba, ni wageni, waachwe. Mwenzake anabaki chini ya mti. Nyuki wakishachafuka hamuwezi kuitana, kwa hiyo yule wa chini anagonga shina kwa kisigino cha shoka. Akigonga mara moja, tulia ulipo. Mara mbili, endelea. Akigonga mfululizo, shuka sasa hivi. Aliye juu anazisikia gonga hizo kwa nyayo na kwa tumbo. Josephat ndiye aliyemgongea tangu ujana wao, hata baada ya sisi kuhamia Makanyagio, mjini Mpanda, na kufungua kiduka.

Mwaka wa tisini na nne nyuki aliingia katika sikio hilo la kulia. Walimtoa kwa mafuta, akatoka amekufa, wakacheka, kazi ikaendelea. Baada ya miezi sikio likaanza kuwasha, kisha kutoa maji, kisha usaha wenye damu. Sasa mrina asali akiumwa sikio hatafuti sababu, sababu anayo tayari. Wenzake wote walisema mwiba wa nyuki umebaki ndani na utatoka wenyewe. Wakampa dawa yao, asali iliyopashwa moto kidogo, matone machache asubuhi na jioni. Akaitia asali hiyo kwa miaka mitatu. Kila ilipouma zaidi, wao walisema ndio mwiba unatembea kuja nje.

Aliyekataa habari ya mwiba ni Leonidas, tabibu wa zahanati ya misheni. Sylvanus alikuwa amekuja kwetu kwa sikukuu ya mavuno, na nilipokunja shuka asubuhi nikaona mto umelowa damu. Nikamwambia Josephat, Josephat akampeleka. Leonidas alimulika ndani, akamulika tena.

"Mzee, hapa kuna kinyama kimeota," alisema. "Mwiba hauoti."

Leonidas akawaandikia waende Mwanza, na huko, kwenye hospitali kubwa, walikata kipande kidogo wakakipima, na jibu likawa kansa ya tundu la sikio. Josephat alikuwa naye. Ndiye aliyenisimulia jinsi Daktari Manyanda, mpasuaji wa masikio, mama mmoja wa Kisukuma mnene na mwenye sauti ya upole, alivyoinama kuliani kwa Sylvanus akamweleza bila kuficha.

"Baba, ngozi yote ya humo ndani nitaitoa, pamoja na mfupa kidogo kuzunguka. Kile kiwambo kinachosikia bado ni kizima, nitakiacha. Kisha nitakuchongea tundu jipya, pana kuliko la kwanza, nilitandike kwa ngozi ya paja lako."

"Kwa hiyo unachonga mzinga," akasema Sylvanus.

Ilibidi Josephat aeleze. Daktari akacheka.

"Sawa, ni mzinga. Ila gogo ukishalikomba linabaki wazi. Mwili hautaki tundu, baba. Nikiuacha utajifunika, kama gome linavyofunika mahali palipokatwa. Kwa hiyo nitajaza utambi wa gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, wenye dawa ili ngozi ishike. Ngozi ikishashika nautoa utambi, na papo hapo natia mpira wenye tundu wa kuzuia lisizibe. Utambi ukikaa mno, unaoza na ngozi inaoza nayo. Ukitoka na mpira usiingie, linajifunga. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Na likijifunga?"

"Hapo utakuwa huna sikio hata moja."

Alipasuliwa mwezi wa kumi na moja mwaka wa tisini na saba. Mungu alisaidia, kansa ilikuwa haijapita ndani, ilitoka yote. Krismasi ilipokaribia akaanza kuomba ruhusa. Hakuwa na ndugu Mwanza, alichoka kulala katikati ya watu wasiojua kwamba hasikii, wakadhani ana kiburi. Daktari hakupenda. Mwisho akasema nenda, lakini mara tu baada ya Mwaka Mpya uwe umesharudi hapa, nitoe utambi. Josephat akamleta kwa treni, amefungwa kitambaa cheupe kuzunguka kichwa, na sisi tukampokea Makanyagio kama mtu aliyefufuka.

Mvua zile za El Nino hazihitaji maelezo kwa aliyekuwepo. Treni iliyomleta Sylvanus ndiyo ilikuwa karibu ya mwisho. Baada ya Mwaka Mpya tulifunga mizigo, nikakaanga karanga za safari, tukaenda stesheni. Stesheni masta akatoka na mwavuli wake.

"Leo hakuna. Maji yamekula reli huko mbele."

"Kesho je?" akauliza Josephat.

"Kesho njoo uniulize."

Tukawa watu wa kwenda kuuliza. Barabara ya Tabora ilikuwa haipitiki, malori yamezama mpaka milangoni. Ya Sumbawanga hivyo hivyo. Siku nyingine masta alikuwa akituona tu kwa mbali anatikisa kichwa, nasi tunageuka na begi letu. Karanga zile tulizila wenyewe.

Shemeji yangu akawa amefungwa mara mbili. Mji ulifungwa, na kichwa chake kilifungwa. La kushoto ni bovu, la kulia limejaa gozi mpaka mlangoni. Hakusikia chochote. Alikaa kwenye kigoda katika chumba cha mbele akiangalia midomo yetu, na alichokisoma mara nyingi si tulichosema. Alikatazwa maji kichwani, alikatazwa moshi, alikatazwa kupenga kamasi, kuinama, kubeba kitu kizito. Mtu ambaye maisha yake yalikuwa moshi na kamba na kupanda miti sasa alikuwa akisogezewa bakuli la uji.

Sauti yake nayo ikapanda. Hakujisikia, kwa hiyo alipiga kelele kila neno.

"SHEMEJI, MVUA INANYESHA?"

Mvua ilikuwa inapiga bati hapo juu ya kichwa chake kama mtu anamwaga kokoto. Namwonyesha kwa vidole, inanyesha. Anakwenda mlangoni kuhakikisha. Akirudi anakaa, anakunja mikono.

Jumuiya walikuja kusali nyumbani. Siku za mwanzo walijaa chumbani. Baadaye walipunguka, na waliokuja walipendelea kukaa karibu na mlango, maana harufu ilikuwa imeanza. Sitaielezea sana. Ilikuwa harufu ya kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa, na chini yake kitu kingine. Mwenyewe alikuwa anaisikia, pua ilikuwa nzima. Mama Lidia, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa na mdomo lakini hakuwa na roho mbaya.

"Mama Agape," aliniambia, "huyu shemeji yako mngemrudishia asali yake tu. Angalau alikuwa ananukia vizuri."

Josephat alikasirika. Sylvanus, aliyekuwa akiangalia midomo, aliuliza kwa kelele, "AMESEMAJE?" Mama Lidia akaona aibu, akamwonyesha kwa mikono habari ya asali na pua. Sylvanus akacheka mpaka akashika kitambaa chake. Ni mara moja ile tu niliyomwona akicheka mwezi ule.

Siku moja nilirudi kisimani nikamkuta mbele ya kioo cha Josephat cha kunyolea. Amefungua kitambaa. Ameshika ncha ya utambi kati ya vidole viwili, ameshaivuta kama urefu wa kiberiti, imetoka ya manjano. Si desturi yangu kumgusa, ni mkubwa kwa mume wangu na namheshimu kama baba mkwe. Siku hiyo nilitua ndoo nikamkamata mkono. Alikuwa na nguvu, angeweza kuniondoa. Hakuniondoa.

"Shemeji," alisema, na kwa mara hiyo moja alijitahidi kusema polepole, "nyuki wakitaka kuziba tundu wanaliziba kwa gundi, hata upepo haupiti. Mimi niko humo. Niko ndani na wameziba."

Nikatikisa kichwa. Nikamwonyesha mpira, yaani kidole changu kikiingia kwenye ngumi. Bila mpira, usitoe.

"Mpira uko Mwanza," akasema. "Mwanza iko wapi sasa?"

Nilimfunga kitambaa upya. Nilisali rozari nzima nikiwa nimesimama pale pale karibu na ndoo, kwa sababu niliona akibaki peke yake ataimalizia. Na nilimwelewa. Kungoja kulimwozesha, na kutoa kungemziba, na hakuna njia ya tatu iliyoonekana.

Josephat akamchukua tena hadi kwa Leonidas. Nami niliongozana nao. Leonidas alikuwa kijana mwaminifu, hakujidai.

"Mama, mimi nimefundishwa kutoa mbegu ya hindi kwenye sikio la mtoto," aliniambia. "Huu siujui. Nikiuvuta na ngozi ikaja nao, nani atairudisha?"

"Na ukiuacha?" nikauliza.

Akainama akalinusa sikio.

Aliyetoa wazo ni Sista Athanasie, mtawa wa pale misheni, aliyetoka Mwese, ambaye kazi yake mojawapo ilikuwa redio ya upepo. Wakati huo misheni nyingi zilikuwa na redio hizo, na kila asubuhi baada ya misa walikuwa wanaitana, kila mmoja akimaliza anasema ova ili mwenzake ajibu, huyu anaomba dawa, yule anatangaza msiba. Sista akasema Mwanza nako kuna nyumba ya masista yenye redio, si mbali na hospitali. Wamwombe daktari aje aongee.

"Lakini mjue," akasema, "redio hii haina chumba cha siri. Wote wenye redio watasikia."

Josephat akamgeukia kaka yake amweleze kwa ishara. Sylvanus alitazama ile redio, akatazama mikono ya Josephat.

"WASIKIE," akasema. "KILA MTU ASIKIE ISIPOKUWA MIMI."

Asubuhi iliyopangwa mvua ilikuwa ileile. Chumba cha redio kilikuwa kidogo, kina meza, kalenda ya jimbo na betri ya gari chini ya dirisha. Leonidas alikuwa amechemsha vyombo vyake, amenawa mpaka viwiko. Sylvanus tulimkalisha kwenye benchi, sikio likiangalia dirishani, na mimi nikapewa tochi. Ndipo kikaonekana kitu ambacho hatukukifikiri. Leonidas alihitaji mgonjwa atulie kabisa akiambiwa tulia, na apumue akiambiwa pumua, na mgonjwa hasikii wala haruhusiwi kugeuza kichwa aone ishara.

Josephat akavuta kigoda akakaa nyuma ya benchi. Akakunja ngumi, akagonga ubao wa benchi mara moja.

Sylvanus aliinua mabega kidogo, kisha akatulia kama gogo. Sikuhitaji kuelezwa. Alikuwa yuko juu ya mti.

Redio ilikoroma, ikapiga filimbi, halafu sauti ya Daktari Manyanda ikatoka kama inatoka ndani ya mtungi.

"Baba yangu wa mizinga hajambo? Ova."

"Hajambo, daktari, ila hakusikii," akajibu Sista. "Tuko tayari. Ova."

Daktari akasema, Sista akarudia, Leonidas akatenda. Kwanza matone ya maji ya chumvi yaliyochemshwa, mengi, utambi unywe mpaka ulainike. Tukangoja. Sauti nyingine ikaingilia, padri mmoja mzee wa misheni ya ziwani, akauliza kama kuna mtu anajua bei ya unga Mpanda. Sista akamwambia baba, tafadhali, tuko ndani ya sikio la mtu. Yule mzee akaomba radhi, akasema wote huko wanasali.

"Sasa vuta," ikasema redio. "Pole pole. Ukikataa, usishindane nao, ongeza maji. Ova."

Leonidas akashika ncha kwa koleo. Josephat akagonga mara moja. Utambi ukaanza kutoka, mrefu, unaendelea na kuendelea, kama mtu anavuta kamba kisimani. Harufu ikajaa chumba. Nilisogeza tochi karibu na nikapumua kwa mdomo. Katikati ukakataa. Leonidas akaacha kuvuta, akatia maji, jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni. Josephat akagonga mara mbili, Sylvanus akapumua. Gonga moja. Kuvuta tena. Mwisho wake ulikuwa mweusi, ukaanguka kwenye bakuli, na tundu likabaki wazi mbele ya tochi yangu.

"Umetoka, daktari. Ova."

"Angalia ndani. Niambie rangi. Usinipe matumaini, nipe rangi. Ova."

Leonidas aliinama. Mimi niliona wekundu lakini sikuamini macho yangu, nilikuwa nimeshalitaka lile jambo mno.

"Nyekundu," akasema Leonidas. "Kama ndani ya mdomo. Kuzunguka kote. Isipokuwa chini, kuna sehemu nyeusi, kama kucha ya kidole kidogo. Ova."

Redio ikanguruma tu. Niliona Sista ameshika msalaba wake.

"Hiyo nyeusi imekufa," daktari akasema. "Itabanduka. Nyingine imeshika. Sasa mpira, haraka, usimwache hivyo. Hapo mna mpira gani? Ova."

Hapo ndipo Leonidas alipoona haya. "Daktari, tuna mipira ya mkojo tu. Ova."

"Mnene kuliko yote. Mpya. Kata kipande kama pingili ya kidole chako, uviringishie gozi yenye mafuta ya dawa, kwa nje tu, tundu la mpira libaki wazi. Ova."

Leonidas alikuwa anageukia meza kukata. Na wakati huo, kabla mpira haujaingia, Sylvanus aliyekuwa ametulia chini ya ile gonga moja akasema kwa sauti ndogo, sauti yake ya zamani ambayo hatukuisikia tangu arudi:

"Kumbe mvua inanyesha."

Sista aligeuza uso kuelekea kwenye kalenda.

"Na nyie," akasema, "mbona mnapumua kwa nguvu hivyo?"

Josephat akagonga benchi mara moja, kwa nguvu, kwa sababu mgonjwa alitakiwa atulie, na machozi yalikuwa yanamtiririka.

Mpira uliingia. Hivyo ndivyo alivyoanza kuishi na kipande cha mpira wa mkojo sikioni, akisikia kupitia tundu lake kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mama Lidia hakuliacha jambo hilo lipite bure.

"Shemeji," alimwambia, akikaa kuliani kwake, "ukianza kukojoa kwa sikio utuambie tuandae ndoo."

"Nitakuja kukojolea kwako," akamjibu, na alikuwa amemsikia kila neno.

Lakini kufungwa hakukuisha. Leonidas alikuwa akiubadilisha mpira, na kila ulipotoka, hata kwa muda wa kunawa mikono tu, ulirudi kwa shida, tundu limeshaanza kujikaza. Tuliliona kwa macho yetu. Mwili ulikuwa unalifanyia kazi usiku na mchana, hauchoki. Sylvanus aliogopa kulala ubavu, mpira usije ukachomoka. Aliketi akilala, mgongo ukutani. Mara mbili alidhani umetoka, akaruka akipapasa shuka, nao uko sikioni. Mizinga yake huko porini ilikuwa haina mtu wa kuitazama, na aliniambia kwamba kila akifumba macho anaona siafu wanapanda kamba za mizinga kwenda kuwala nyuki.

"Nilidhani mpira utanifungulia," alisema. "Umenifunga kwa kamba ndefu kidogo, basi."

Reli ilipotengenezwa Josephat alimpeleka Mwanza, na nikangoja na mashaka yangu yote. Walirudi wakati mahindi yameshakauka. Daktari Manyanda alisafisha ile sehemu nyeusi, akapanua kidogo palipoanza kubana, akatia mpira wa kwake, mlaini, wa kuvaa na kuvua, akampa na mwingine wa akiba. Kansa hakuiona. Tundu lilikuwa wazi. Alimtumia Leonidas salamu kupitia kwa masista, na misheni zote zikaisikia, hata yule mzee wa ziwani, ambaye alitangaza kwamba misa ya Jumapili itakuwa ya shukrani.

Ila alimpa neno jingine, na Sylvanus alilibeba toka Mwanza mpaka Mpanda bila kulisema. Josephat ndiye aliyelitoa, jikoni kwangu.

"Daktari kamkataza nyuki."

"Moshi?"

"Moshi, na nyuki wenyewe. Tundu sasa ni pana. Anasema nyuki ataingia bila hata kuinama, na ile ngozi ni laini, akimuuma mle ndani itavimba na kuziba. Akienda porini azibe kwa pamba."

Tukatazamana. Ili asogelee mzinga ni lazima azibe sikio. Na akiziba sikio, anausogelea mzinga kwa ajili gani?

Sylvanus alirudi kwake Misunkumilo. Niliposhuka kumwona, nilimkuta amekaa kwenye gogo la mninga alilokuwa amelianza kabla ya kuugua. Alikuwa halichongi, amelikalia tu. Mpira wake ulikuwa mahali pake. Nilikaa kuliani. Tukaongea mambo ya kanisa, habari za Agape binti yetu, mahindi. Halafu nikamwuliza kama tundu la ule mpira linaweza kufunikwa na kitu chenye kupitisha hewa.

"Kama nini?"

"Kama chandarua."

Akautoa mpira, akavaa ule wa akiba mahali pake, akaufuta wa kwanza kwa kitambaa safi, akanipa mkononi. Hakuwahi kumpa mtu mwingine isipokuwa Leonidas. Nilikata duara dogo kutoka kwenye pindo la chandarua kipya, nikalikunja ukingoni, nikalishona kuzunguka mdomo wa mpira kwa uzi mwembamba. Leonidas alisema kichemshwe, kikachemshwa. Tulimtumia Daktari Manyanda ujumbe kwa redio. Akasema awe makini, asipande juu sana, asiwashe moshi, na chandarua kibadilishwe kila mara. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Ova.

Siku Sylvanus na Josephat walipokwenda tena mizingani nilifuatana nao, nikabeba viazi na chai. Walichagua mzinga wa chini, ule ulio kwenye mti ambao hata mtoto angeupanda. Sylvanus alipanda taratibu, kila mguu anaupa muda. Alisogea kwenye tawi, akakaa, akapangusa ubavu wa mzinga kwa kiganja. Akaugonga kwa kidole. Kisha akalaza sikio lake.

Alikaa hivyo muda mrefu. Nyuki wachache walitoka wakazunguka kichwa chake, mmoja akatua kabisa pale pembeni ya sikio, akatembea juu ya chandarua, akaondoka. Mimi nilikuwa nimeshika kikapu kwa mikono miwili nikisali.

Josephat alichoka kungoja. Akainua shoka, akagonga shina mara mbili.

"Usigonge," Sylvanus akasema kutoka juu, bila kupandisha sauti. "Nimekusikia. Unawasumbua."

Josephat akateremsha shoka chini.

"Wamo?" akauliza.

"Wamo. Wanavuma kwa mbali, kama watu wa nyumba ya tatu wanasali." Akabonyeza sikio tena kwenye gogo. "Lakini wamo."

Hakuufungua mzinga siku ile, wala tena mwaka ule. Jua lilipoanza kuinama alishuka, kwa sababu ilibidi mpira usafishwe kwa maji ya moto kabla ya kulala, na maji ya moto yalikuwa nyumbani.